Kwenda kwa Mataji: namna ya kuzuru hekalu la Wahindu hapa Tanga

Kila mwaka vuli inapokaribia huulizwa swali lile lile. Muulizaji anaweza kuwa jirani yangu wa hapa Ngamiani, au binti aliyekuja kuagiza kikuba cha harusi akakuta ukumbi wangu umejaa mafungu ya maua ya manjano, akataka kujua ni ya nani. Nikimwambia ni ya hekaluni, hushusha sauti: "Shangazi, hivi na sisi tunaruhusiwa kuingia mle?"

Mnaruhusiwa. Ila kuna namna ya kwenda, na nimeona niiandike, maana kuieleza kibarazani kila mara huku natunga maua huniharibia hesabu ya makoja.

Kazi yangu ni maua. Nashona vikuba, natunga asumini za kichwani, na kwa miaka 23 sasa nimekuwa nikivuka reli kupeleka makoja hekaluni mjini. Kazi nilirithi kwa mama. Yeye alikuwa akimuuzia asumini bibi mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa, ambaye sote tulimwita Ba kama walivyomwita wajukuu zake. Ba ndiye aliyenishika mkono mara ya kwanza akaniingiza ndani. Mimi ni Mwislamu, na nasema mapema ili msomaji ajue nazungumza nikiwa wapi: naingia mle kama mgeni, siingii kuabudu. Kwa hiyo haya ni maelezo ya mgeni kwa wageni wenzake.

Tuanze na neno moja linalotukosesha adabu bila kujua. Mhindi ni nasaba, Mhindu ni dini. Hapa Tanga ukisema "Mhindi" huenda unamtaja Bohora au Ithnaasheri, ambao ni Waislamu na wana misikiti yao. Huenda ni Ismailia, au Kalasinga, au Mgoa ambaye Jumapili yuko kanisani. Mhindu ndiye mwenye hekalu, na wazee wetu walimwita Baniani. Nimewahi kumsikia kijana akimuuliza mzee wa Kibohora ni lini atakwenda kuchezea Navaratri, ile sherehe ya Wahindu ya siku tisa. Mzee alimjibu kwa upole, lakini uso ulimbadilika.

Halafu mjue mnakwenda kwa nani. Wahindu wana mahekalu ya namna nyingi, na katika miji yetu hii jengo moja mara nyingi huwa na vyumba vya miungu kadhaa. Mimi nasimulia kuhusu Mama. Wenyewe humwita Ma au Mataji, na Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa pwani yetu, humpenda zaidi kwa jina la Ambe. Utamjua kwa mnyama aliyempanda, simba au simbamarara, na kwa mikono yake mingi iliyoshika silaha: mkuki wa ncha tatu, upanga, upinde, rungu. Ukiona mama aliyesimama juu ya ua la yungiyungi na sarafu zinamtoka kiganjani, huyo ni Lakshmi, wa riziki na baraka za nyumba. Aliyevaa nyeupe na kupakata ala ya nyuzi ni Saraswati, wa elimu. Aliyepanda mamba ni Khodiyar Ma. Ba aliniambia usihangaike kuwahesabu, wote ni sura za nguvu moja inayoitwa Shakti, kama vile mwanamke mmoja alivyo mama kwa huyu, binti kwa yule, bosi kwa mwingine.

Kisa chake kikubwa ni cha Mahishasura, dubwana lenye umbo la nyati. Lilikuwa limepewa ahadi kwamba halitauawa na mwanamume, wala na mungu wa kiume. Mwanamke halikumtaja, kwa sababu halikumhesabu. Basi miungu ikakusanya nguvu zake zote, kila mmoja akatoa silaha yake, akatokea Mama. Wakapigana siku tisa mchana na usiku, na siku ya kumi nyati akaanguka. Ndiyo maana ya zile siku tisa za Navaratri na ile ya kumi, Dashera. Nilipokisikia kisa hiki mara ya kwanza nilikuwa nimeachika karibuni na nina watoto wawili wa kulisha kwa asumini. Sikubadili dini yangu, lakini lile neno "halikumhesabu" sijalisahau.

(Jina hili Ambe wako wanaolihusisha na neno harambee. Wanasema vibarua wa Kihindi waliojenga reli walikuwa wakimwita Mama kila wanaponyanyua vyuma. Wako pia wanaolikataa hilo kabisa. Ba alikuwa upande wa kwanza, na hakukubali kubishiwa.)

Sasa, lini uende. Kwa mwaka mzima hekalu lipo na Mama yupo, nami ningemshauri mtu wa mara ya kwanza aende siku ya kawaida, asubuhi, kukiwa na utulivu. Lakini najua nyote mnataka Navaratri. Hiyo hufuata mwezi, kama mambo yetu: huanza mara tu mwezi wa zamani unapokwisha, hivyo usiku wa kwanza hamna mwezi wa kuuona, na kila usiku unaofuata mwezi hunenepa. Tofauti na Ramadhani ni kwamba haizunguki mwaka mzima. Mwaka 2023 ilianza Oktoba 15, mwaka 2024 Oktoba 3, mwaka 2025 Septemba 22. Mnaona inavyorudi nyuma siku kumi na moja, kumi na mbili. Lakini kila miaka miwili na miezi kadhaa kalenda yao huongezwa mwezi mmoja mzima, na hapo sherehe husogea mbele tena, isije ikatoka katika majira yake. Ndiyo maana mimi kila mwaka huuliza tarehe mapema ndipo nizungumze na wenye mashamba ya maua. Divali, sherehe yao ya taa, nayo huja siku ishirini hivi baada ya Dashera, usiku wa giza kabisa, na hiyo ni zamu ya Lakshmi.

Saa nazo zina maana yake. Mama huogeshwa, huvishwa, hulishwa, na mchana hupumzishwa. Pazia hufungwa, na mahekalu mengi milango hufungwa pia mpaka alasiri. Ukienda saa saba utakutana na kufuli. Sala yenyewe ya taa, arati, ni asubuhi na jioni jua likizama. Kwa sisi Waislamu ile ya jioni huangukia magharibi, na watu wengi huniuliza nafanyaje. Naswali kwanza, kisha navuka reli. Nikikuta arati imekwisha, basi imekwisha, nitakwenda asubuhi nyingine. Usikae mle ndani moyo unahangaika na adhana, hutafaidi huku wala kule.

Mavazi hayana shida kwa mtu wa pwani. Funika mabega, funika magoti, basi. Mimi huingia na ushungi wangu na sijawahi kuulizwa. Wanaume, suruali ndefu au kanzu. Kitu cha kuangalia ni ngozi: mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi, mkoba wa ngozi, viache nyumbani. Ng'ombe kwao ana heshima ya mama, na kuingia na ngozi yake mbele ya Mataji ni kuwaumiza watu. Oga kabla ya kwenda. Usipitie Deep Sea kununua samaki ukaingia na kikapu. Nyama, samaki, mayai na pombe havikanyagi mle, hata vikiwa vimefungwa kwenye mfuko. Na mwanamke aliye katika siku zake, kwa mila ya wengi wao, huahirisha. Hilo sisi halitushangazi.

Kiingilio hakuna. Sanduku la sadaka lipo, ukitaka utaweka, usipotaka hakuna atakayekuangalia mkono. Lakini mtu wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo nieleze vya kubeba, na hapa nitakawia kidogo kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mara ya kwanza nilitunga koja la asumini na waridi, nikalimaliza saa kumi na moja alfajiri, nikajivunia. Pale mlangoni, kabla ya kumpa Ba, nikaliinua puani kama nifanyavyo kwa kila kikuba, nivute harufu nihakikishe halijalala. Ba akalipokea, akalitazama, akaliweka pembeni juu ya kibao. Halikuingia ndani. Nilidhani nimekosea rangi. Tulipotoka ndipo akanieleza taratibu, mkono wake begani kwangu: ua la Mama hunuswa na Mama kwanza. Ukilivuta wewe, umeshalila. Ni kama kuonja wali wa mgeni kwa kijiko na kukirudisha siniani.

Tangu siku hiyo nina kanuni ambazo huwafundisha mabinti wanaonisaidia. Maua ya hekaluni hatuyanusi. Lililoanguka chini haliokotwi kutiwa kwenye koja. Lililotobolewa na mdudu hutolewa. Tunachuma asumini alasiri zikiwa bado vichomozo, maana hupasuka usiku, na asubuhi koja linafika likiwa limefumbuka lenyewe. Yale ya manjano yenye harufu kali, wanayoyaita galgota, ndiyo hubeba sherehe, kwa kuwa yanavumilia joto la Tanga siku nzima bila kunywea. Mama hupenda nyekundu pia, waridi jekundu ni zuri sana. Kama huna fedha ya koja, ua moja linatosha. Nimeona kina mama wenye maduka makubwa wakiingia na ua moja kwenye kiganja.

Nazi nayo ni zawadi kubwa. Hapa ndipo watu wetu hukosea: wanaifua mpaka inakuwa upara. Acha kishungi cha makumbi upande wa macho, ndivyo inavyotakiwa. Ndizi mbivu, maembe yakiwepo, machungwa yetu ya Muheza, yote yanafaa. Majani ya tambuu na popoo pia, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kuchagua tambuu. Ukiona kitambaa chekundu chenye nakshi za dhahabu dukani, hicho ni ushungi wa Mama, waumini humvisha. Kwako wewe usiyeabudu, matunda yanatosha. Unaweza kumkabidhi mtu wa jikoni ukamwambia ni ya nyumba hii, na umekuwa mgeni mwema bila kutoa kafara yoyote.

Ukifika, bisha hodi. Nasema hivyo kwa dhati, ingawa mlango uko wazi. Mtafute mzee yeyote aliyekaa barazani, mwamkie shikamoo, naye akiwa ni mzaliwa wa hapa atakuitikia marahaba kama babu yako. Mwambie umekuja kuangalia na unaomba kuelekezwa. Kuhani wao huitwa maharaji. Yeye mwache na kazi yake, usimsemeshe akiwa ameshika taa au maji.

Kisha vua viatu. Kuna sehemu yake, vipange vizuri. Na hapa niseme langu: methali yetu ya "Baniani mbaya kiatu chake dawa" mimi siipendi, na wanangu niliwakataza kuitumia. Nimesimama mara nyingi mbele ya zile safu za viatu mlangoni, champali zilizolika visigino za watu waliozaliwa Bombo kama mimi, nikaona aibu kwamba tumewabandika neno hilo vizazi na vizazi. Mle ndani sijawahi kukosa kikombe cha maji.

Ukipita mlango utaona juu yake uzi wa majani ya mwembe na maua. Utaona pia alama ya msalaba uliopinda ncha, yenye nukta nne. Usishtuke, ni alama yao ya heri ya tangu kale, na humo haina uhusiano wowote na Hitler. Kengele iliyoning'inia hupigwa na muumini anapoingia, kama kumwambia Mama nimefika. Mgeni halazimiki kuipiga, na usiipige wakati wa kutoka.

Mbele kabisa kuna chumba kidogo, Mama yumo. Humo haingii mtu ila maharaji. Jina la chumba hicho kwa lugha yao ya kale lina maana ya nyumba ya tumbo la uzazi. Kaa chini kwenye mkeka, kunja miguu, nyayo zisimwelekee Mama. Usikae katikati ya njia ya macho kati yake na waumini, maana kule kutazamana ndiko walikojia. Wanakuita darshan: wewe unamwona Mama, na Mama anakuona. Wale wanaozunguka chumba humweka Mama upande wao wa kulia. Na lile umbo usiliite kinyago wala mdoli. Wao husema murti. Sisi tusiokubaliana nao katika itikadi bado tunaweza kutumia jina wanalotumia wenyewe katika nyumba yao.

Arati ikianza utajua, kwa sababu kengele zote, ngoma na sauti za watu hulipuka pamoja. Watoto wadogo hushtuka, mshike mwanao. Maharaji huzungusha sinia la taa mbele ya Mama, tambi za pamba zilizolowa samli, na kafuri inawaka. Simama, kila mtu husimama. Kisha sinia hupitishwa: watu hupitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha machoni. Mimi husimama nyuma karibu na nguzo, mikono nimeifumbata mbele, na sinia likinifikia nainamisha kichwa kidogo kwa heshima ya aliyelibeba, linapita. Hakuna aliyewahi kunilazimisha. Vivyo hivyo ile nukta nyekundu ya kwenye paji la uso, unaweza kusema "ahsante, mimi mgeni tu" na wataelewa.

La mwisho kabla ya kutoka ni prasadi, chakula kilichowekwa mbele ya Mama kisha kugawiwa. Mara nyingi ni vipande vya nazi, ndizi, sukari ya mawe, peremende laini za maziwa wanazoziita penda, au shiro, suji iliyokaangwa kwa samli na sukari. Hapa kila mtu aamue nyumbani, kwa dini yake, asisubiri sahani imfikie. Ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia ukiwa umewekwa juu ya kushoto, ule wote, usidondoshe chini. Usipokula, kama mimi, weka mkono kifuani kabla hujapewa na useme ahsante. Kibaya ni kupokea halafu kukitupa nje kwenye mtaro. Nimeshuhudia hilo likifanyika, na aliyegawa alikuwa bado amesimama mlangoni anaona.

Usishangae pia ukisikia mwanamume mwenye masharubu anaitwa "mama". Kwa Kigujarati mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo, na dada ni babu mzaa baba. Ba alikuwa na mjukuu aliyekuwa akiita "Dada! Dada!" na mzee wa miaka themanini anaitika, mwanangu wa kwanza akaja kuniuliza kwa nini babu yule ni dada. Maneno yale yale, na kila upande umeyapa ndugu mwingine.

Usiku wa garba, yaani ngoma ya Navaratri, ni habari nyingine. Katikati huwekwa mtungi wa udongo wenye matundu, ndani yake taa inawaka, na watu huuzunguka wakicheza. Mtungi ni lile tumbo la uzazi tena, na taa ni uhai uliomo. Viatu vuliwe. Duara la ndani ni la wanaojua. Wewe tazama mzunguko mzima kwanza, mguu na kofi, kofi mbili au tatu kulingana na wimbo, kisha ingia duara la nje nyuma ya mama mtu mzima, siyo nyuma ya wasichana, maana wasichana hukimbia. Ukipotea toka pembeni, usisimame katikati ya mduara. Sehemu nyingine huhitaji mwaliko, kwa hiyo uliza mchana. Wengi watakuwa wamefunga kwa siku zote tisa, wakila matunda na vyakula vichache tu, basi usimsukumie mtu bajia yako. Picha, omba ruhusa. Chumba cha Mama na watoto wa watu, usipige hata ukiwaona wengine wanapiga.

Na kama siku hiyo utapewa ua lililokuwa shingoni kwa Mama, kama nilivyopewa mimi mwaka aliofariki Ba, usilitupe jalalani likinyauka. Wao hulipeleka kwenye maji yanayotembea au huliweka shinani mwa mti. Langu nililiweka chini ya mwasumini wangu wa uani.